Siki Kuukuu Haielezwi kwa Kikombe

Vijana wangu wa Wadi Bani Khalid,

Ujumbe wenu wa sauti nimeupata. Mnasema mna kasiki la siki nyekundu ya tende iliyokaa miaka, na wageni wanaokuja kuogelea kwenye mabwawa yenu wanaionja, wanauliza ikoje, nanyi mnabaki mkitazamana. Mnataka niwafundishe kuieleza. Mkaniomba nijibu kwa sauti vilevile, eti ndiyo rahisi. Kwenu rahisi. Mimi nikikishika kile kitufe cha kurekodi na kuona sekunde zinakwenda, maneno yote yananikimbia kama mbuzi waliofunguliwa zizi. Kwa hiyo nimechukua kalamu. Niliishia darasa la saba huko Tabora, na naandika polepole. Mtanisubiri. Siki nayo husubiriwa.

Nimefanya kazi ya siki hapa Ibra tangu ujana wangu mpaka magoti yalipokataa kuinama. Nimeosha tende, nimebeba maji, nimeziba midomo ya makasiki kwa udongo, na mwisho nikawa muonjaji, yaani mtu ambaye kazi yake ni kukunja uso mbele ya watu na kueleza kwa nini ameukunja. Kukunja uso nilikuweza tangu siku ya kwanza. Kueleza ndiko kulikonisumbua, na karibu kunikoseshe mke.

Neno la kwanza la kazi hii si tamu wala kali. Ni "bado". Tende mkiziloweka ndani ya kasiki, mwanzo mnapata sharubati, na mwisho mnapata siki. Katikati pana mlango. Katika mlango huo kile kilichomo kasikini si sharubati tena, na siki haijawa. Ni kitu ambacho sisi hatukitii mdomoni. Siku hizo ulimi wa muonjaji umo likizoni. Anayefanya kazi ni sikio na pua. Bandika sikio ubavuni mwa kasiki. Likiwa linanong'ona, bado. Likinyamaza, fungua kidogo, nusa. Harufu ikikubembeleza kama tunda lililoiva kupita kiasi, funga haraka, bado. Harufu ikikupiga kofi, alhamdulillahi, imeshapita. Hapo ndipo unapoonja.

Juzijuzi niliitwa katika hoteli moja ya mlimani, juu ya Nizwa, nizungumze na vijana wanaojifunza upishi. Mpishi wao mkuu Mzungu, mtu mnene mwenye adabu. Aliinusa siki yangu akafumba macho kama anayekumbuka kwao. Nikamweleza, kwa mkalimani, habari ya ule mlango. Akacheka mpaka kofia yake ndefu ikainama. Akasema, "Sisi kwetu tukifika kwenye mlango huo tunaweka meza na viti, tunakaa." Nikamwambia sisi hatukai, tunapita. Akasema, "Basi mnakosa." Nikamwambia, "Na nyinyi hamjafika." Tukapeana mikono. Lakini alinieleza jambo moja: hicho kinywaji chao chekundu kikishakuwa kizee, nao wana watu wa kukieleza, na wanakieleza kama tunavyoieleza siki. Wanatazama rangi ukingoni. Wananusa. Wanasubiri kinachobaki mdomoni. Halafu wanasema kina tumbaku, kina ngozi, kina udongo uliolowa. Nikataka kumcheka, nikakumbuka kwamba mimi mwenyewe ujanani nilisema siki ina kiatu kipya. Nitafika huko.

Nilipofika Ibra, Omani, na mama yangu, nilikuwa kijana mwenye haya. Sisemi haya ya adabu, ile inayosifiwa. Nasema haya ya ugonjwa. Nikisalimiwa na watu wawili kwa pamoja, niliwajibu kwa kikohozi. Kiarabu changu kilikuwa cha chuoni tu, cha kusomea Kurani, na kwa Kiarabu cha chuoni huwezi kuuliza bei ya nyanya. Kiswahili changu cha Tabora kiliwachekesha watu wa nyumba niliyopata kazi, maana wao walitoka Unguja. Nikisema neno, mmoja wao husema, "Haya, taarifa ya habari hiyo." Basi nikaona afadhali ninyamaze.

Mwenye nyumba na makasiki alikuwa Ami Nasoro. Mrefu, nyusi nene kama brashi ya viatu, na sauti ambayo hata akiomba chumvi ungedhani anatoa hukumu. Alinigombeza kwa maji, kwa tende, kwa udongo, na kwa namna nilivyosimama. Lakini alikuwa na tabia moja. Siku akikugombeza mpaka ukaanza kufikiria kurudi Tabora kwa miguu, ukifika nyumbani na kufungua kikapu chako unakuta kipande cha halwa kimefungwa kwa karatasi. Hakuna aliyewahi kumwona akikitia. Mara moja tu nilijikaza nikamshukuru. Akanigeukia: "Halwa gani? Nani hapa ana halwa ya kutupa? Nenda kaoshe tende." Jioni ile nikakuta vipande viwili.

Siku aliponionjesha mara ya kwanza, nilibugia kama mtu anayekunywa maji. Kwikwi ilinishika mpaka adhuhuri. Ilipotulia, akaniuliza mbele ya wafanyakazi wenzangu, "Vipi siki?"

"Kali," nikasema.

"Na moto?"

"Moto, ami, unaunguza."

"Na maji?"

Nikakohoa.

"Bwana Khalfani ametuarifu kwamba siki ni kali," Ami Nasoro akawaambia wenzangu. "Mtu aende mbio kwa liwali, asije akachelewa kujua."

Aliyeniokoa ni mama yake, Bi Ghanima. Alikuwa kikongwe wa Unguja, hana meno mengi, lakini ulimi wake mzima kwa kazi zote mbili za ulimi. Aliniita barazani, akaniwekea mabakuli matatu ya siki.

"Wewe Khalfani, hutafuti maneno mahali pake," akaniambia. "Usiseme siki ina nini. Sema ni nani. Watu unawajua?"

"Nawajua, bibi. Sisemi nao tu."

"Ndiyo vizuri. Asiyesema na watu huwa anawatazama." Akaonja bakuli la kwanza. "Huyu ni jirani yetu Thuweni. Anaingia kwa kelele, anamaliza kahawa, anaondoka bila kuaga." Akaonja la pili. "Huyu bi arusi wa mwaka wa kwanza. Tamu, tamu, tamu, halafu anamtaja mama yako." La tatu akalishika mdomoni muda mrefu, akatikisa kichwa. "Na huyu fundi wa bomba. Kaahidi kuja, hakuja."

Hapo, vijana wangu, ndipo nilipoelewa kwamba siki ina mwanzo, ina katikati, na ina mkia. Siki changa yote ni kichwa. Inakupiga, imekwisha. Siki kuukuu inakuja polepole, inakaa, na ikishashuka kooni ndipo inapoanza kusema. Ule ndio mkia. Mgeni akikuuliza ikoje, mwambie asubiri mkia. Kwanza ni kweli, pili unapata nafasi ya kufikiri.

Rangi itazameni juu ya nguo nyeupe. Sisi tulitumia mkono wa kanzu: unamimina kidogo katika gilasi, unaiweka mbele ya mkono wa kanzu, unatazama ukingo. Ya mwaka huu ni nyekundu mpaka ukingoni. Iliyokaa, ukingo wake hugeuka rangi ya tofali. Utajua kanzu za waonjaji kwa madoa yake. Mama yangu alikuwa akizifua huku akisema, "Wenzako wanarudi kazini wananuka udi, wewe unanuka kachumbari."

Na udi ndio adui. Muonjaji asikaribie chetezo, asipake mafuta, asinywe kahawa ya hiliki kabla ya kazi. Moshi ukishakukaa puani, siki zote zinakuwa ndugu. Sasa fikirini taabu ya kulishika sharti hilo katika nchi hii, ambayo mgeni hatoki nyumba ya mtu mpaka ndevu zake zifukizwe. Mimi nilikuwa nikionekana sina adabu. Chetezo kikija, narudi nyuma kama kuku aliyeona kisu.

Wakati huo nilikuwa nimeshaanza kumpenda Zuwena, binti wa Ami Nasoro. Msifikirie mengi. Alikuwa akituletea sinia ya chakula mpaka kwenye pazia la jiko, na mimi ndiye niliyekwenda kuipokea. Kila siku aliuliza, "Vipi siki leo?" Kila siku nilijibu, "Bado." Siku moja akasema, "Wewe Khalfani neno lako ni hilo moja tu, au jingine umelificha?" Jibu zuri lilinijia, wallahi, jibu zuri sana. Lilinijia alasiri, nikiwa naosha tende.

Mama yangu ndiye aliyeniona nimekonda kwa kitu ambacho si kazi. Akaenda kwa Bi Ghanima, Bi Ghanima akamwita mwanawe, na mimi nikaitwa barazani kusikia hukumu.

"Zuwena nimemuuliza, hakukataa," Ami Nasoro akasema. "Mimi nakataa. Simpi binti yangu mtu ambaye siijui sauti yake. Kesho nyumba ikishika moto, utamwamsha kwa kukohoa? Sikiliza. Kabla ya Idi Kubwa nafungua lile kasiki kuukuu, na Shekhe Hilali atakuja kutoka Nizwa. Ukiieleza siki ile mbele ya watu, mwanzo mpaka mkia, mlete mama yako na posa. Ukinyamaza, nyamaza moja kwa moja."

Kasiki hilo lazima niwaeleze. Lilikuwa limezikwa nusu ardhini uani, kando ya baraza, na lilijazwa tende nyekundu za aina ya khasabu mwaka aliozaliwa Zuwena. Halikuwahi kuguswa. Siku ya kulifungua kasiki kama hilo, majirani huja kuonja, muonjaji huieleza siki, na kila mmoja hupewa chupa ya kupakia nyama ya shuwa, ile tunayoitia viungo na siki, tukaifunga kwa majani ya mgomba, tukaizika katika shimo la moto mpaka ilainike. Siki mbaya ikiingia katika shuwa, familia nzima inakula aibu siku ya Idi. Kwa hiyo maneno ya muonjaji si pambo.

Nikaanza mazoezi. Watu sikuwaweza, kwa hiyo nilijaribu na makasiki. Nilikuwa nimeshazoea kuyakumbatia kusikiliza yakinong'ona. Siku moja jirani Thuweni alipita akanikuta nimefumba macho, sikio ubavuni mwa kasiki, nasema, "Bado, bado." Kabla ya magharibi mtaa mzima ulijua kwamba kijana wa Nasoro anazungumza na vyungu. Mama akaniuliza, "Na watu je, mwanangu?" Nikamwambia, "Watu bado, mama."

Nyuma ya jiko palikuwa na kasiki tupu limelazwa ubavu, linangoja kuoshwa. Nikaingiza kichwa kulisugua, na humo ndani nikasema neno, sijui neno gani. Sauti ikanirudia kubwa, nzito, kama ya khatibu. Nilitazama nyuma kuona nani kaja. Hakuna mtu. Ilikuwa yangu. Toka siku hiyo, kila mchana watu wakilala, mimi naingiza kichwa ndani ya kasiki na kuwaeleza watu wa nyumba ile kama siki, mmoja mmoja. Nilimweleza Bi Ghanima. Nilimweleza fundi wa bomba. Nilimweleza Ami Nasoro kwa urefu. Zuwena nilimweleza kwa sauti ya chini, lakini kasiki halijui sauti ya chini. Mara nyengine nilisikia vicheko jikoni, nikadhani wanawake wana habari zao.

Nikiwa kasikini nilikuwa bingwa. Nikitoa kichwa, nilikuwa yuleyule wa kikohozi.

Siku ikafika. Mikeka imetandikwa barazani, majirani wamekaa, na Shekhe Hilali kutoka Nizwa ameegemea mto. Shekhe huyu alikuwa muonjaji wa komamanga na siki zake, na alikuwa na maneno kama mfereji wa falaji, hayakatiki. Ami Nasoro akanikalisha mbele kabisa, mahali ambapo kila mtu aliweza kuniona nikitoka jasho.

Mambo yalianza upande upande. Kabla ya kahawa, kabla ya halwa, kabla ya chochote, kikaja chetezo. Mtumishi alikitoa nyuma ya pazia la jiko kikifuka moshi, akatupitishia mmoja mmoja. Nyinyi mnajua, udi huja mwisho, mgeni akifukizwa anaaga.

"Nasoro," Shekhe Hilali akasema, "baada ya udi hakuna kukaa. Unatufukuza hata hatujakunja miguu?"

"Wanawake wana haraka leo," Ami Nasoro akasema, akilitazama pazia kwa nyusi zote mbili.

Nyuma ya chetezo yakaja mafuta ya udi, tukapakwa viganjani. Nilijaribu kurudi nyuma, lakini nyuma palikuwa na ukuta. Kisha vikaja vikombe katika sinia. Nilipokishika changu kilikuwa cha moto. Nikakinusa. Kilikuwa kimefukizwa ubani ndani na nje, mtu amekifunika juu ya chetezo kama tunavyofukiza mitungi ya maji ya kunywa. Ni heshima kubwa kwa mgeni. Kwa muonjaji ni sawa na kufungwa kitambaa machoni.

Kasiki likafunguliwa, siki ikatekwa kwa kata ya kifuu, vikombe vikajazwa. Shekhe Hilali akaonja. Akafumba macho.

"Allah," akasema. "Ubani. Ubani wa majabali ya Dhofar, ule mweupe. Umelala katikati ya tende kama msafiri aliyepumzika kivulini. Nasoro, siki hii imezaliwa Ibra lakini moyo wake uko kusini."

Majirani wakaonja. Kila mmoja akautaja ubani. Thuweni akasema yeye aliusikia tangu kasiki limefunikwa. Ami Nasoro akaonja, nyusi zikampanda mpaka kwenye kilemba. Alikijua vizuri alichokitia katika kasiki lile, na ubani hakutia. Lakini angesema nini? Aseme vikombe vya nyumba yake vimeharibu siki? Amwambie mgeni wake kwamba amesifu moshi?

"Na wewe, Khalfani," akasema. "Eleza."

Watu wote wakanigeukia. Nikatazama kikombe: ubani. Nikatazama kiganja changu: udi. Nikisema ubani, naisingizia siki. Nikisema hakuna ubani, namvunjia Shekhe wa Nizwa heshima mbele ya ndevu zake. Nilijua Zuwena yuko nyuma ya pazia. Nikafungua mdomo, na lililotoka ni lile moja.

"Bado."

Mtu mmoja akacheka. Ami Nasoro akauliza, "Bado nini?"

"Bado sijaonja, ami."

Nikasimama. Sikuwa na mpango, miguu ndiyo iliyokuwa na mpango. Nikaliendea kasiki, nikapiga magoti, nikachukua ile kata, ambayo hakuna aliyeifukiza. Siki ilikuwa imepungua sana kwa miaka yote ile, na mpini wa kata haukufika. Nikainama. Nikaingiza mkono, kisha kichwa, kisha mabega. Humo ndani palikuwa na giza na baridi, harufu ya siki inachoma macho kama vitunguu vya shehena nzima na kuufukuza udi wote puani, na hakukuwa na mtu hata mmoja. Nikateka, nikaonja, nikasubiri mkia. Nikasema, na sauti ikaja ile kubwa.

"Huyu ni mzee," nilisema. "Anaingia bila hodi, amekunja uso. Unamsalimu, hajibu. Unasema moyoni, mtu huyu sina haja naye. Lakini subiri. Amekaa. Katikati ana tende iliyoungua kidogo chini ya sufuria. Ana moshi wa kuni za msamuri, si ubani, ni kuni tu za mtu anayeamka mapema. Ana ngozi, kama kiatu kipya kinachombana lakini hasemi. Bado kali. Anakugombeza. Unameza, ameondoka, mlango umefungwa, umeshamchukia. Hapo ndipo unapofungua kikapu, unakuta amekutilia kitu kitamu, na ukimuuliza atakataa kwamba ni yeye."

Nikatikisa kichwa kujikubali, kofia ikanitoka. Chubwi.

Nilitoka kasikini kichwa wazi, machozi yananitiririka, pua nyekundu. Kisha nyuma ya pazia kicheko kikapasuka, si cha mtu mmoja, cha jiko zima, na juu yake kicheko cha Bi Ghanima kisicho na meno.

Shekhe Hilali alikuwa anapangusa macho. "Nasoro," akasema, "huyu kijana ameieleza siki, au amekueleza wewe?"

Ami Nasoro alikuwa amenikazia macho, nami sikujua pa kuyaweka yangu. Ndipo kwanza nilipofahamu nilichokisema, na ni habari ya nani.

"Nilisema aeleze mbele ya watu," akasema mwishowe, polepole. "Huyu ameeleza ndani ya kasiki."

Moyo wangu ukashuka ukaifuata kofia.

"Nasoro," Bi Ghanima akaita kutoka nyuma ya pazia, "na wewe umemsikia wapi? Ulikuwa humo ndani naye?"

Majirani wakacheka. Shekhe Hilali akakitazama kikombe chake, akakinusa kwa nje, akanusa na kiganja chake. Alikuwa mtu mkubwa yule. Akakiweka kikombe chini. "Mimi nimeonja kwa kikombe," akasema, "yeye ameonja kwa kata. Siki kuukuu haielezwi kwa kikombe. Mimi nimeshahukumu, Nasoro, iliyobaki ni yako."

Ami Nasoro akainuka, akaja mpaka kwenye kasiki, akachungulia ndani. Akakaa akichungulia kwa muda ambao niliona kama mwezi wa Ramadhani.

"Kofia yako imo ndani ya siki yangu," akasema.

"Nisamehe, ami."

"Siki iliyoingia kofia siwezi kumpa mgeni. Itabidi ibaki humu humu nyumbani." Akageuka kurudi kwenye mkeka wake, na bila kunitazama akamalizia, "Na mwenye kofia vilevile."

Wageni walipewa chupa kutoka kasiki jengine, na shuwa ya mwaka ule hakuna aliyeilalamikia. Mama yangu alikwenda na posa siku ya pili ya Idi. Jioni ya siku ile ya kasiki nilifungua kikapu changu nikakuta halwa, bakuli zima. Sikumshukuru. Nilikuwa nimeshajifunza.

Baada ya arusi nilimuuliza Zuwena, ni nani aliyefukiza vikombe siku ile, na chetezo kilitangulia kwa sababu gani. Alikuwa anakata vitunguu, hakuinua kichwa.

"Lile kasiki ulilokuwa ukiliosha," akasema, "mdomo wake ulielekea wapi?"

Nikafikiri. Ulielekea dirisha la jiko.

"Tulikuwa hatulali mchana," akasema. "Bibi alikuwa akituletea mikeka tukae tukusikilize. Nikajua ukishika kikombe mbele ya watu umekwisha. Sauti yako ilikaa kasikini. Nikaona nikuzibie njia nyengine zote."

Basi vijana wangu, msiwaigize wenye maneno mengi. Leo kuna vijana wanakuja na kile kijiti cha kupima ukali, wanakitia katika siki, kinaonesha tarakimu, wanasema tayari. Kijiti ni kizuri, nunueni. Lakini mgeni hakuulizi tarakimu, anakuuliza ikoje. Osheni vikombe kwa maji matupu. Chetezo wekeni mbali, mtakuja kufukizana mwisho. Subirini mkia, kisha semeni ni nani. Na kama mmoja wenu ana haya kama yangu, mwekeeni kasiki tupu karibu na jiko.

Barua hii nimeiandika kwa siku nyingi, na Zuwena amekuwa akipita nyuma yangu na kusoma bila ruhusa. Leo asubuhi nilipofika hapa nikamuuliza, baada ya miaka yote hii, mimi ni siki gani. Akaniwekea sikio ubavuni, hapa chini ya mbavu, akasikiliza kwa makini kama fundi.

"Bado," akasema, akaenda kuwasha jiko.